Picha zinaonekana ofisini, ukumbini zinageuka X nyekundu: je, Office imeharibika?

SWALI: Mimi ni afisa ugani wa kata. Niliandaa wasilisho la PowerPoint kuhusu magonjwa ya mihogo kwa ajili ya kikao cha wilaya. Lina picha 26: 17 nilizipiga kwa simu yangu ya Android na kuzihamishia kwenye laptopu ya ofisi, na 9 nilizipata kwenye kundi la WhatsApp la maafisa ugani. Ofisini zote zilionekana vizuri. Nikanakili wasilisho kwenye flashi (lina MB 1.9 tu), lakini kwenye kompyuta ya ukumbi zile 17 zote zikageuka visanduku vyenye X nyekundu. Za WhatsApp zilionekana, isipokuwa mbili ambazo zilikuwepo nilipokuwa nahariri lakini zikatoweka nilipoanza kuonyesha. Tena, mwenzangu alinipa picha zake za iPhone ambazo programu ilizikataa kabisa, hata baada ya kubadilisha mwisho wa majina yake kuwa jpg. Fundi anasema Office imeharibika na inabidi isakinishwe upya. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu Afisa Ugani, kwa maelezo uliyotoa, Office yako ni nzima, na kuisakinisha upya kungekupotezea siku bila kurudisha hata picha moja. Ulichonacho ni matatizo matatu yasiyohusiana ambayo yamekutana ndani ya wasilisho moja, na kila moja lina chanzo chake. Nitaanza na zile picha 17, kwa sababu ndizo zilizokuharibia kikao, na pia kwa sababu chanzo chake kinajulikana bila hata kuigusa kompyuta yako.

Umekitaja mwenyewe uliposema wasilisho lina MB 1.9. Picha iliyopigwa kwa kamera ya simu ya megapikseli 12 huwa na ukubwa wa takriban MB 3 hadi 5, hivyo picha 17 za namna hiyo zinapaswa kufika MB 50 au zaidi. PowerPoint kwa kawaida hupunguza picha kiasi inapohifadhi wasilisho, lakini hata ikizipunguza, picha 17 bado zingeongeza megabaiti kadhaa ambazo hapa hazipo. Kwa upande mwingine, WhatsApp huzipunguza sana picha kabla ya kuzituma, na nyingi hufika zikiwa na KB 100 hadi 300. Zile 9 za kundi lenu zinatosha peke yake kuzijaza hizo MB 1.9. Maana yake ni kwamba picha zako 17 hazikuwahi kuwamo ndani ya faili ulilolipeleka ukumbini.

PowerPoint ina njia mbili za kuweka picha kwenye slaidi. Ya kwanza ni kuipachika, yaani kuichukua picha nzima na kuihifadhi ndani ya wasilisho, ikawa inasafiri nalo popote liendapo. Ya pili ni kuiunganisha, ambapo wasilisho huhifadhi anwani tu ya mahali picha ilipo kwenye kompyuta, kwa mfano folda ya picha ndani ya diski C, na kila unapolifungua huenda kuichukua huko. Ni sawa na kumwelekeza mgeni nyumbani kwako kwa kumwambia "nyumba ya tatu baada ya msikiti": maelekezo ni sahihi kabisa, mradi mgeni yuko katika mtaa wako. Kwenye laptopu ya ofisi anwani ile ilikuwa sahihi, na ndiyo maana picha zote zilionekana. Kompyuta ya ukumbi haina folda hiyo, wala haina sababu ya kuwa nayo.

Namna watu wanavyojikuta wameunganisha picha bila kukusudia ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Dirisha la kuchagua picha likifunguka, kitufe cha "Insert" kilicho chini kulia kina mshale mdogo pembeni yake. Ukiubofya mshale huo unapata chaguo la "Link to File", ambalo huunganisha bila kupachika, na lingine la "Insert and Link", ambalo hufanya yote mawili. Wengine huchagua kuunganisha kwa makusudi baada ya kushauriwa kwamba faili litakuwa jepesi na litapita kwenye barua pepe. Ushauri huo haukosei kuhusu wepesi wa faili. Kasoro yake ni kwamba wepesi wenyewe unatokana na kuziacha picha nyumbani.

Kabla ya kurekebisha chochote, hakikisha kwamba ninachosema ndicho kilichotokea. Nenda kwenye wasilisho, bofya "File" kisha "Info", na utazame upande wa chini kulia. Kama kuna vitu vilivyounganishwa, utakuta maandishi ya "Edit Links to Files", na ukiyabofya utaona orodha ya anwani zenyewe. Kipo kipimo kingine ninachokipenda zaidi, kwa sababu hakihitaji kuamini menyu yoyote. Tengeneza nakala ya wasilisho lako, kisha ubadilishe mwisho wa jina la nakala hiyo kutoka pptx kuwa zip. Tangu toleo la mwaka 2007, wasilisho la PowerPoint ni kifurushi cha zip chenye mafaili mengi ndani yake, hivyo kompyuta itakifungua bila kinyongo. Ingia kwenye folda ya "ppt", kisha "media". Picha zote zilizopachikwa zimo humo, zikiwa na majina kama image1.jpeg na image2.png. Ukikuta 9 tu, au idadi inayokaribia hiyo, huna haja ya kubishana na mtu tena. Kama huoni herufi za mwisho za majina ya mafaili, fungua menyu ya "View" kwenye dirisha la folda na uwashe kipengele cha "File name extensions". Ninakushauri ukiache kikiwa kimewashwa daima, maana tutakihitaji tena tutakapofika kwenye picha za mwenzako.

Marekebisho yenyewe yafanyike kwenye laptopu ya ofisi, ambako picha zipo. Bofya picha kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Change Picture", kisha chagua kuichukua kutoka kwenye faili, uitafute picha ileile na ubofye "Insert" bila kuugusa ule mshale. Njia hii huiacha picha mahali pake kwenye slaidi, kwa hiyo hulazimiki kupanga kila kitu upya. Kwa picha 17 hiyo si kazi kubwa. Wapo watakaokwambia uache kazi hiyo na badala yake uweke picha zote kwenye flashi pamoja na wasilisho. Jambo hilo linaweza kufanya kazi iwapo picha na wasilisho vilikuwa kwenye folda moja tangu siku ulipoziunganisha, kwa sababu hapo PowerPoint hukumbuka jina la faili na kulitafuta palepale wasilisho lilipo. Lakini kama ulizichukua kutoka folda nyingine, au moja kwa moja kutoka kwenye flashi, umeingia kwenye bahati nasibu: flashi ambayo ofisini inaitwa diski E, ukumbini inaweza kuitwa F, na anwani yote ikawa batili. Mimi sipendekezi wasilisho la kikao kitegemee viungo, labda kwa video kubwa ambazo huna namna nyingine ya kuzibeba.

Ukishazipachika, wasilisho litakuwa zito, na hapo ndipo pa kuwa mwangalifu kwa sababu somo lako linategemea mambo madogo yanayoonekana kwenye jani. Slaidi pana ya PowerPoint ina upana wa inchi 13.33 na kimo cha inchi 7.5. Ukiipunguza picha inayojaza slaidi nzima hadi pikseli 150 kwa inchi, utapata pikseli 2000 kwa 1125, kiasi ambacho tayari kinazidi uwezo wa projekta ya 1920 kwa 1080, na projekta nyingi za kumbi zetu ziko chini ya hapo. Kwa hiyo bofya picha yoyote, fungua menyu ya picha, chagua "Compress Pictures", weka 150, na uondoe alama ya vema kwenye sharti la kutumia mabadiliko kwa picha hiyo moja tu. Wasilisho litapungua sana, na hakuna mtu ukumbini atakayeona tofauti.

Zingatia mpangilio wa kazi, hata hivyo. Kama unataka kuwaonyesha wajumbe unjano unaofuata mishipa ya jani, ambao ndio dalili ya ugonjwa wa michirizi kahawia inayowapita watu wengi, basi kata kwanza sehemu unayoitaka kutoka kwenye picha asilia, uikuze ijae slaidi, ndipo upunguze. Ukipunguza kwanza na kukata baadaye, utakuwa unakuza pikseli ambazo hazipo, na unjano ule utageuka ukungu. Kwa sababu hiyohiyo sipendi sana picha za WhatsApp kwa kazi kama yako. Picha ya mzizi uliooza na kuwa na mabaka ya kahawia itastahimili kupunguzwa, lakini nzi weupe walio chini ya jani hawatastahimili. Waombe wenzako kwenye kundi wazitume picha kama hati, si kama picha, maana zikitumwa kama hati WhatsApp haizigusi.

Ushauri huo wa mwisho unatupeleka moja kwa moja kwenye tatizo lako la pili, kwa sababu picha ya iPhone ikitumwa kama hati hufika katika muundo wake wa asili, na muundo huo ndio uliokusumbua. Tangu toleo la iOS 11 la mwaka 2017, simu za iPhone huhifadhi picha katika muundo unaoitwa HEIC badala ya JPEG. Sababu ilikuwa njema: picha huchukua takriban nusu ya nafasi bila kupoteza ubora unaoonekana. Lakini Windows haiwezi kuusoma muundo huo bila viongezi maalumu, na matoleo ya zamani ya PowerPoint hayautambui kabisa.

Kubadilisha herufi za mwisho wa jina hakubadilishi kilichomo. Herufi zile ni tangazo tu kwa kompyuta kuhusu aina ya faili, na PowerPoint inapolifungua hukuta maudhui ambayo haiwezi kuyasoma, ikalikataa. Unaweza kulithibitisha hili mwenyewe. Chukua nakala ya mojawapo ya picha za mwenzako, uifungue kwa programu ya Notepad, na utazame mstari wa kwanza tu. Utaona alama nyingi zisizosomeka, lakini mwanzoni kabisa katikati ya alama hizo utasoma neno "ftyp" likifuatiwa na "heic". Kisha fungua kwa namna hiyohiyo picha ya simu yako, na mwanzoni mwake utasoma "Exif" au "JFIF", ambazo ni dalili za JPEG. Picha ya PNG huandika "PNG" mwanzoni, na ile ya WebP, ambayo utakutana nayo sana ukipakua picha kwenye tovuti, huanza na "RIFF" na kufuatiwa na "WEBP" baada ya alama chache. WebP nayo hukataliwa na matoleo ya zamani ya PowerPoint. Funga Notepad bila kuhifadhi chochote, kwani ukihifadhi utaiharibu picha.

Dawa ni kuzigeuza picha ziwe JPEG za kweli. Ikiwa mwenzako yuko karibu, iliyo rahisi kuliko zote ni kumwomba azitume upya. Akizituma WhatsApp kama picha za kawaida zenye ubora wa HD, zitafika zikiwa JPEG, ingawa zitakuwa zimepunguzwa kiasi. Akitaka zibaki na ubora wake wote, aingie kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya "Photos", na chini kabisa kwenye kipengele cha kuhamishia picha kwenye kompyuta achague "Automatic", kisha azihamishe kwa waya, na simu yenyewe itazigeuza njiani. Kwa picha atakazopiga kuanzia sasa, aingie kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya "Formats", achague "Most Compatible". Kama huna namna ya kumpata, weka viongezi vya HEIF na HEVC kutoka duka la Microsoft (cha pili huuzwa kwa bei ndogo), fungua picha kwa programu ya Photos, na uihifadhi upya kama JPEG. Tovuti za kugeuza picha bila malipo zipo nyingi na zinafanya kazi, ila kumbuka kwamba picha ya simu mara nyingi hubeba ndani yake mahali ilipopigwa, na sioni kwa nini mashamba ya wakulima wako yapelekwe kwenye seva ya mtu asiyejulikana kwa ajili ya jambo linaloweza kufanyika ofisini.

Zimebaki zile picha mbili zilizoonekana wakati wa kuhariri na kutoweka wakati wa kuonyesha. Hizi zimo ndani ya wasilisho, la sivyo usingeziona kabisa kwenye kompyuta ya ukumbi. Karibu kila mara sababu ni mijongeo, yaani amri zinazovifanya vitu viingie au vitoke kwenye slaidi wakati wa kuonyesha. Huenda slaidi hizo ulizinakili kutoka wasilisho la zamani lililokuwa na mijongeo ya kuingiza au kuondoa vitu, na picha mpya ikarithi amri ya kusubiri ubofye au hata ya kuondoka mara moja. Fungua menyu ya "Animations", kisha "Animation Pane", na ufute chochote kinachoitaja picha hiyo. Ukiwa hapo, bonyeza Alt na F10 kwa pamoja ili uone orodha ya vitu vyote vilivyo kwenye slaidi: kila kimoja kina alama ya jicho pembeni, na utaona pia kama kuna kisanduku cheupe kilichokaa juu ya picha. Ikiwa hakuna mjongeo wala kizuizi, mshukiwa anayefuata ni kadi ya michoro ya kompyuta ya ukumbi. Ingia "File", "Options", "Advanced", na kwenye sehemu ya "Display" uzime matumizi ya kadi hiyo wakati wa kuonyesha slaidi.

Jambo moja zaidi kuhusu ile X nyekundu, kwa kuwa utakutana nayo tena. Isome sentensi iliyo pembeni yake, maana huja na ujumbe wa aina mbili. Mmoja unasema picha iliyounganishwa haiwezi kuonyeshwa na kwamba faili huenda limehamishwa, limebadilishwa jina au limefutwa, na huo ndio ninaoamini uliuona wewe. Mwingine unasema kompyuta huenda haina kumbukumbu ya kutosha, au picha imeharibika. Huo wa pili ni habari nyingine kabisa. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000, hata kama faili lake ni MB 4, ikishafunguliwa huchukua takriban MB 48 za kumbukumbu, kwa sababu kila pikseli huhitaji baiti 4. Fungua 17 za namna hiyo kwenye kompyuta yenye GB 4 ambayo tayari imefungua mambo mengine, na utaelewa kwa nini inalalamika. Ile hatua ya kupunguza hadi 150 huondoa tatizo hilo. Ikiwa picha imeharibika kweli, kwa mfano kwa sababu flashi ilichomolewa kabla ya kunakili kwisha, hakuna mpangilio utakaoiponya, bali urudi kwenye simu uichukue tena. Na ukirithi mawasilisho ya zamani yaliyotengenezwa kwenye Mac, ukakuta sentensi inayodai QuickTime inahitajika ili kuiona picha, usihangaike kuitafuta QuickTime. Mwombe mwenye wasilisho azihifadhi picha hizo kama PNG au JPEG na kuziingiza upya.

Kabla ya kikao kijacho, nakili wasilisho peke yake, bila folda ya picha, ulipeleke kwenye kompyuta ya mtu mwingine na ulipitie slaidi kwa slaidi. Kulifungua kwenye laptopu ya ofisi hakuthibitishi lolote, kwani huko anwani zote ni sahihi. Likipita, lihifadhi pia kama PDF uiweke kwenye flashi ileile. Mijongeo na video hazitakuwepo kwenye PDF, lakini picha zimo ndani yake, na kompyuta ya ukumbi hata ikiwa na Office ya zamani kiasi gani itaifungua. Zile picha mbili zikiendelea kutoweka baada ya kufuta mijongeo, niandikie tena ukitaja toleo la Office lililopo ukumbini na kama zinatoweka pia kwenye laptopu ya ofisi.